Kuotesha mimea ya porini iliyolindwa kama maua ya nyumbani: watu wa Tanga tunalionaje?

UaLaPwani

Habari za jioni wadau wa bustani. Naomba hili tulijadili kwa kina, maana mtaani kila mtu ana sheria yake kichwani.

Kwenye vitalu vya hapa Tanga wateja wanazidi kuulizia mimea ya asili. Wanataka okidi za kwenye mibuyu na mikoche, mitapo (ile yenye shina nene na majani kama ya mnazi), mishubiri ya mwambao, na yale maua madogo ya zambarau ya Usambara yanayofahamika kwa jina la Saintpaulia. Mmea ukiwekwa mezani, watu wanagawanyika. Kuna anayerudi nyuma: "Huu si wa hifadhini huu? Mtafungwa!" Kuna anayegoma kulipa: "Cha porini, kwani nani kakipanda?" Na kuna anayekupongeza kwamba unaokoa msitu, bila hata kuuliza mmea umetoka wapi.

Mnaofahamu, nani kati yao yuko sahihi? Kuotesha kunausaidia msitu kweli au kunafungua mlango wa kuchimba? Na mwenye kitalu anayetaka kufanya mambo yake kwa haki aanzie wapi, kwa mimea hii hii ya kwetu? Naomba vipimo na hatua. Mawaidha yapo ya kutosha.

---

Mzee wa Viriba

Dada UaLaPwani, wateja wako wote wamekosea, na huyo anayekupongeza ndiye wa hatari kuliko wenzake.

Anayeogopa kifungo anachanganya ulinzi wa mahali na ulinzi wa biashara. Wa mahali ni huu: Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakukataza kutoa mmea kwenye hifadhi ya msitu bila kibali, na kwenye hifadhi ya mazingira asilia kama Amani (ilitangazwa mwaka 1997) masharti yanabana zaidi. Msitu wa kijiji una serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili, nako unaomba. Wa biashara ni mkataba wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Huo unasimamia kuvusha mmea mpakani. Hausemi lolote juu ya chungu kilichopo barazani kwako.

Sasa angalia orodha yenyewe ya CITES ilivyo. Okidi zote zimo, karibu zote kwenye Kiambatisho cha Pili. Mishubiri yote imo isipokuwa Aloe vera. Euphorbia za mashina manene zimo, kwa hiyo hata mnyaa wa uzio, ule ambao watu wamezungushia nyumba kuanzia Pongwe hadi Muheza, umo. Hakuna anayemwita jirani yake mhalifu kwa sababu ya ua wa mnyaa. Mitapo ya jenasi Encephalartos iko Kiambatisho cha Kwanza, penye masharti makali kuliko yote. Na Saintpaulia ambayo watu wanaiogopa kama bangi haimo kabisa. Lakini ing'oe Amani bila kibali uone. Kinachoamua ni mahali mama wa mmea (ule unaotoa majani, vipande au mbegu za kuotesha) alipotoka, na kama unaweza kuthibitisha.

Wa "nani kakipanda" nampitia haraka. Kama hakuna aliyekipanda, basi na wewe muuzaji hukukipanda, hivyo bei unayodai ni ya nini? Mteja huyo analipa pale anapoona kazi: chungu safi, mizizi mizima, lebo, maelekezo.

Anayekupongeza ndiye wa kumweka chini. Kuotesha peke yake hakuokoi kitu. Kunapunguza uchimbaji pale tu mmea wa kitaluni unapopatikana kirahisi na kwa bei nzuri kuliko wa kuchimba, na kwa umbo lile lile mnunuzi analolitaka. Tazama Afrika Kusini na mitapo yao. Vitalu vya miche vipo miaka mingi, na bado mitapo mikubwa inaibwa porini na hata ndani ya bustani za mimea, hadi watu wakaanza kupachika chipu za utambuzi ndani ya shina. Sababu ni moja. Mnunuzi wa mtapo hataki mche wa majani mawili. Anataka kisiki cha kusimamisha mbele ya geti wiki hii, na kisiki hicho kitaluni kinachukua miongo. Hapo kitalu kinageuka pazia: mtu anauza vikubwa vya kuchimba, halafu anaonyesha vidogo kama ushahidi kwamba anaotesha.

Ndiyo maana ujue kuutambua mmea uliochimbwa, uwe unanunua au unauza:

Okidi ya kuchimba huja na gamba la mti bado limeng'ang'ania mizizi, mizizi imekatwa sawia kwa panga, majani yana madoa ya zamani na kuvu ya kijivu, na vikonyo (yale mashina manene yanayoweka akiba) vya miaka mingi vimepindapinda kila upande. Ya kitaluni mizizi yake imezunguka kufuata chungu, na ukiziona kumi zinalingana umri.

Saintpaulia ya kuchimba ina shingo ndefu iliyolala, mizizi imeshika chembe za jiwe na ukoga wa majabali, na kwenye kundi moja utakuta kubwa, ndogo na iliyochanika.

Mtapo wa kuchimba ni shina nene lisilo na mizizi, mara nyingi lina alama nyeusi za moto wa zamani chini, majani yote yamekatwa. Muuzaji mwenye vikubwa sita na asiye na hata mche mmoja, usimuulize mara mbili.

Na daftari. Kila mama apewe namba. Andika ulimpata kwa nani, tarehe, risiti au barua iko wapi, vipandikizi vingapi vimetolewa, vingapi vimekufa. Waliokufa ndio watu huwasahau kuandika, na ndio wanaomfanya mkaguzi akuamini. Daftari ambalo kila jani limeshika mizizi ni daftari la uongo.

---

Kipara wa Bombo

Mimi hofu zote hizi sizielewi. Mwaka 1892 Mjerumani kachukua hayo maua hapa hapa Tanga, kapeleka kwao, leo yanauzwa kila duka la maua Ulaya na Marekani. Hakuna aliyemwomba kibali. Leo mtoto wa Kimsambaa aking'oa mche mmoja auze elfu tano barabarani anaitwa jangili. Hapo haki iko wapi?

Halafu mti umeanguka wenyewe na okidi zake juu. Uziache zioze?

---

Majabali

Kaka Kipara, kinyongo chako kina msingi, hesabu yako ndiyo haina.

Aliyeyapeleka ni Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa wakati huo. Alimtumia baba yake Ujerumani, Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen kule Hannover akayapa jina mwaka 1893, na mfanyabiashara wa mbegu Ernst Benary wa Erfurt akayaingiza sokoni. Mwaka 1926 kitalu cha Armacost na Royston cha Los Angeles kikaotesha mbegu zilizotoka Ulaya na kuchagua aina kumi tu. Aina nyingi mno za leo zimetokana na hizo. Angalia pesa ilipatikana wapi: kwenye kuotesha, kuchagua na kuchanganya. Hakuna aliyetajirika kwa kurudi Usambara kila mwaka na jembe. Na ndiyo, hakuna aliyeilipa Tanga. Mkataba wa bioanuwai uliotambua kwamba nchi ina mamlaka juu ya mimea yake ni wa mwaka 1992, miaka mia baadaye. Hilo dai ni la kupeleka serikalini. Kung'oa hakulipizi chochote.

Na kibiashara ni hasara. Ya porini ina maua ya petali tano, machache, ya rangi moja. Mteja wa kawaida akiiweka pembeni ya chotara lenye maua yaliyojaa kama waridi, ya porini haichukui. Anayeitaka ni mkusanyaji, na mkusanyaji makini anauliza asili yake kwanza. Kwa hiyo aliyechimba anabaki na mmea usiouzika kwa mjuzi wala kwa asiyejua.

Jingine ambalo watu hawalifikirii: Saintpaulia inaishi kwenye nyuso za majabali yenye kivuli na unyevu. Kundi zima linaweza kuwa limeshika jabali moja tu. Adui yake mkuu ni kukatwa kwa miti ya juu, jua likishaingia jabali linakauka na mmea unaungua. Kundi lililokwisha dhoofika hivyo, ukichomoa mimea kumi umelimaliza. Msitu wenye majabali mia haukupi majabali mia yenye maua.

Mti ulioanguka: kweli okidi zake zitakufa nyingi, maana mwanga na upepo vimebadilika. Tatizo ni kwamba kila muuzaji wa okidi duniani atakwambia mti ulianguka. Kama ni ndani ya hifadhi, nenda ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu ya wilaya kabla hujagusa. Kama ni shambani kwa mtu, piga picha tawi likiwa chini na okidi ikiwa bado juu yake, mwenye shamba aandike na kusaini, mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri, barua iingie kwenye lile daftari la Mzee wa Viriba. Kisha hiyo okidi iwe mama wa kitalu. Ukiiuza wiki ile ile, ushahidi wako umeondoka nayo.

---

Makumbi na Mkaa

Niongeze kwenye okidi, maana hapo ndipo watu wanaua mimea mingi huku wakidhani wanaitunza.

Okidi kubwa ya pwani, Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, hukaa juu ya miti mikubwa na minazi pori. Ina mizizi ya namna mbili: inayoshika gamba, na myembamba myeupe iliyosimama juu kama sindano, inayokusanya majani makavu na kujitengenezea mboji yake. Ukiibandua kwa panga, zote zinakatika. Mizizi iliyokatika ya okidi hii kwa kawaida hairudi. Mizizi mipya hutoka zaidi kwenye chipukizi jipya. Kwa hiyo okidi iliyobanduliwa wakati haina chipukizi inakaa miezi ikila akiba ya vikonyo vyake. Mnunuzi anaiona ya kijani, anamwagia maji kila siku, kisiki kisicho na mizizi kinaoza kuanzia chini. Miezi sita baadaye anarudi kununua nyingine. Hivyo ndivyo mteja mmoja "anayependa mimea ya asili" anavyomaliza mti mzima.

Njia sahihi ni kugawanya mama aliyekomaa. Subiri maua yaishe na chipukizi jipya lifikie urefu wa kidole. Kila kipande kiwe na vikonyo vya zamani visivyopungua vitatu pamoja na chipukizi moja. Vikonyo viwili vitaishi, lakini utangoja maua hadi uchoke. Kisu kipitishe motoni kabla ya kila mmea, hata wa chungu hicho hicho, kwa sababu virusi vya okidi vinahama kwa kisu na havina dawa. Kidonda pake unga wa mkaa, kisha acha kipande kivulini bila maji siku mbili tatu kikauke.

Cha kupandia: sehemu tatu vipande vya mkaa vya ukubwa wa sentimita 2 hadi 4, sehemu mbili makumbi ya nazi yaliyokatwa ukubwa huo huo. Makumbi ya pwani yana chumvi na rangi ya kahawia inayounguza mizizi michanga, yaloweke na ubadilishe maji mpaka maji yabaki meupe. Udongo usiingie hata kijiko. Funga mmea kwa kamba kwenye kijiti usitikisike, kwa sababu ncha ya mzizi mpya ikisuguliwa inakufa. Nyunyiza ukungu wa maji asubuhi tu mpaka mizizi mipya ifike sentimita 3 hadi 5, ndipo umwagilie kweli. Mwanga mwingi, chini ya neti nyepesi; ukiificha kwenye kivuli cha mwembe itatoa majani bila ua hata moja.

Kuhusu mbegu, usidanganywe na anayekwambia "nimepanda mbegu za okidi kwenye mchanga". Mbegu ni kama vumbi, haina chakula ndani, porini inategemea kuvu maalumu ili iote, na kitaluni inahitaji chupa na chakula cha maabara. Toka hapo hadi ua ni miaka.

---

UaLaPwani

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotarajia. Majabali, hebu tuendelee na Saintpaulia. Wengi wanasema mjini Tanga haikai kwa sababu ya joto, kwamba ni mmea wa Amani na Lushoto. Je, nitoe wapi mama halali, na nioteshe vipi? Na mitapo, kuna mwenye uzoefu wa mbegu?

---

Majabali

Joto ni nusu ya ukweli. Kuna aina za milimani zinazokaa kwenye ubaridi, na kuna za bondeni. Makorongo ya mawe ya chokaa ya Mkulumuzi na Sigi, jirani na Mapango ya Amboni, hayako juu sana ya usawa wa bahari, na kwa asili Saintpaulia imo humo. Chotara za madukani ndizo zenye tabu zaidi, zinapenda nyuzi 18 hadi 25. Januari hadi Machi mjini unavuka 30 kila siku, maua yanadondoka na moyo wa mmea unaoza.

Mama: anza na chotara la dukani lenye risiti, au jani kutoka kwa mwenye mmea unaofahamika asili. Hili la jani ndilo zuri kuliko yote, maana mmea wa mama unabaki mzima. Hakuna sababu ya kumwomba mtu yeyote mmea wa Saintpaulia wenye mizizi, na mtu anayeuza mingi yenye mizizi ya porini amejitaja mwenyewe.

Fanya Juni hadi Agosti, kipupwe. Chagua jani la safu ya katikati. Ya nje yamezeeka, ya ndani bado yanakua. Kikonyo cha jani kiache na sentimita 3, ukate mshazari kwa wembe safi, upande uliokatwa utazame juu ili vichipukizi vitoke mbele. Jani likiwa kubwa mno, kata theluthi ya juu, litaacha kukua lenyewe na kupeleka nguvu chini.

Mchanganyiko: sehemu mbili vumbi la makumbi lililooshwa, sehemu moja chenga za mkaa za ukubwa wa choroko, sehemu moja mchanga wa mto uliochekechwa ukabaki wa chembe nene. Kwa lita moja ya mchanganyiko weka nusu kijiko cha chai cha chokaa ya kilimo. Mboji ya msituni usichukue. Kwanza ni kosa lile lile kwa mlango wa nyuma, pili inaleta minyoo ya mizizi. Loanisha kiasi kwamba ukikamua ngumini yasidondoke maji. Chomeka kikonyo sentimita moja hadi moja na nusu, si zaidi. Kikizama sana kinaoza kabla ya kushika. Funika kwa mfuko mweupe wenye matundu machache, weka baraza ya mashariki inayopata jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi, mchana mzima kivuli.

Mizizi wiki ya tatu au ya nne. Vichipukizi wiki ya nane hadi ya kumi na mbili. Watu wengi hung'oa kuchungulia wiki ya pili, na hapo ndipo wanaposema "majani haya hayashiki". Tenganisha kila kichipukizi kinapofika theluthi ya jani mama. Chungu kisizidi theluthi ya upana wa mmea wenyewe. Chungu kikubwa kinabaki na maji yasiyonyweka, mizizi inakosa hewa.

Kuhusu maji ya pwani: visima vingi vina chumvi, utaona ukoko mweupe ukingoni mwa chungu, na kila kikonyo kinachougusa kinaoza. Tumia ya mvua, yakiisha suuza chungu kwa maji mengi yapite chini mara moja kwa mwezi. Nywesha kutokea chini, sahani, dakika ishirini, kisha mwaga yaliyobaki. Maji baridi ya friji juu ya jani lenye joto yanaacha mapete meupe yasiyofutika; si ugonjwa, usipige dawa. Mbolea ya maji yenye uwiano sawa, robo kijiko cha chai kwa lita nne, wiki mbili mara moja. Miezi ya joto weka vyungu vya udongo kwenye trei ya mchanga mbichi, ule mvuke unashusha joto kidogo, na usitoe mbolea kabisa.

Vidung'ata vyeupe kwenye makwapa ya majani: pamba yenye spiriti, kimoja kimoja. Vikiwa mizizini, choma mmea. Kata jani safi uanze upya.

---

Bi. Kisiki

Mitapo basi, kwa ufupi, ya mwambao wetu, Encephalartos hildebrandtii.

Jinsia ziko mbali mbali, mmea dume na mmea jike, na wadudu wake ndio wanaochavusha. Bustanini ukiwa na jike peke yake utapata mbegu nzuri kwa macho, ndani hakuna kiini. Kwa hiyo mbegu nunua kwa mwenye wawili waliochavushwa, na uombe maandishi, kwa sababu hapa tuko Kiambatisho cha Kwanza. Kwenye biashara ya kuvuka mpaka, mimea ya kundi hili iliyooteshwa kitaluni kwa utaratibu unaotambulika hutendewa kama ya Kiambatisho cha Pili, lakini "unaotambulika" maana yake makaratasi ya mama, si maneno.

Ondoa nyama nyekundu ya mbegu kwa glavu, ina sumu. Loweka siku mbili, zinazoelea tupa. Zilizozama zihifadhi kavu, kivulini, kama miezi sita, kwa sababu kiini kinaendelea kukomaa baada ya koni (kile kishada kigumu kinachobeba mbegu) kusambaratika. Anayezipanda siku ile ile analaumu mbegu bure. Wengi hufukua, hukuta kimya, hutupa. Kisha zilaze ubavu juu ya mchanga mnene, nusu ndani nusu nje. Mzizi utatoka kwanza na kwenda chini sana, hivyo mche uhamie kwenye kiriba cha kina cha sentimita 30 mapema. Kiriba kifupi kinaukunja mzizi na mmea unadumaa maisha yake yote. Wadudu magamba wakipanda majani, sugua kwa mswaki na maji ya sabuni.

Na usimwahidi mteja kisiki. Mwambie wazi: unanunua majani, kisiki atakiona mwanao. Anayekataa hapo ndiye aliyekuwa anaenda kununua cha kuchimba, mwache aende.

---

Kipara wa Bombo

Nimeelewa la kibiashara. Ila swali: nikishakuwa na miche mia ya Saintpaulia, si niirudishe Amboni au Amani? Hapo ndipo watu watatuheshimu.

---

Mzee wa Viriba

Usirudishe, mkuu. Miche mia ya jani moja ni mmea mmoja uliojinakili mara mia. Kama mama ni chotara, unapeleka chotara likachavushane na ya asili. Na udongo wa kitalu unabeba viini vya kuoza mizizi ambavyo jabali la msituni halijawahi kuvijua. Amani yenyewe ni somo. Bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1902, watu wakaleta mimea ya kigeni kwa nia njema na elimu kubwa, na leo Clidemia hirta na Maesopsis eminii zimeenea ndani ya msitu wa asili, kuzitoa ni kazi isiyoisha. Kurudisha kunafanywa na wenye hifadhi, kwa mmea uliotoka jabali lile lile.

Kama unataka msitu ufaidike, uza miche hiyo Tanga, Korogwe na Dar, kwa wateja wa ndani. Wafugaji wa vipepeo wa Amani walijenga biashara nzuri ya kuuza nje pupa (vipepeo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao), na mwaka 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai, nao wakaguswa. Kitalu kinachotegemea kuuza nje tu kinasimama kwenye mguu mmoja. Ukitaka kuuza nje baadaye, anza na kibali cha CITES pale kinapohitajika, na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), ambacho unakihitaji hata kwa Saintpaulia isiyo kwenye orodha.

---

UaLaPwani

La mwisho. Kwenye lebo niandike nini ili yule mwoga asikimbie na yule mpongezaji ajifunze kuuliza?

---

Mzee wa Viriba

Fupi, kwa Kiswahili, kwa wino usiofutika na maji, upande mmoja. Kwa mfano:

*Saintpaulia. Imeoteshwa kwa jani, kitaluni, Tanga. Mama Na. S-04, risiti ipo, ulizia. Jani lilichomekwa Julai. Jua la asubuhi tu, maji kutokea chini.*

Kwenye okidi andika "imegawanywa kutoka mama Na. fulani" na mwezi. Neno "asili" peke yake usiliweke, kila mchimbaji analo. Na kwenye mtapo, upande wa pili wa lebo, kwa herufi kubwa: MBEGU NA MAJANI NI SUMU, WEKA MBALI NA WATOTO NA MBUZI.